Shilingi ya Kenyenya na Shilingi ya Nairobi

Mwanzoni mwa mwaka 2025, jioni ya siku ya soko hapa Kenyenya, mwana wa dada yangu alinijia nyumbani akiwa na karatasi mkononi. Alikuwa ameitwa kazini Nairobi, kupakia na kupakua mizigo katika ghala moja la Eneo la Viwanda. Wakati huo alikuwa akifanya kazi ya namna hiyo hiyo hapa kwetu, katika duka la vifaa vya ujenzi, akibeba simiti na mabati tangu asubuhi hata jioni.

"Mjomba," aliniambia, "kazi ni ile ile na mgongo ni ule ule, lakini huko watanilipa karibu mara mbili. Je, liko jambo la kufikiri tena?"

Nilimwambia akae, nikatafuta kalamu. Hesabu tuliyoifanya usiku ule ndiyo niandikayo hapa, maana najua kuwa katika nyumba nyingi za wasomaji wa gazeti hili yuko kijana mwenye karatasi kama ile, au yuko baba anayeulizwa swali kama lile.

Yafaa kwanza ijulikane kwamba tofauti ya mishahara hiyo miwili haikutokana na ukarimu wa tajiri wa Nairobi, wala na uchoyo wa mwenye duka wa Kenyenya. Tofauti hiyo imo ndani ya sheria yenyewe. Serikali inapotangaza kima cha chini cha mshahara huigawa nchi katika sehemu tatu. Kwa agizo lililoanza tarehe 1 Novemba 2024, wakati kima hicho kilipoongezwa kwa asilimia 6, kibarua asiye na ujuzi maalumu aliwekewa Sh. 16,113 kwa mwezi katika majiji kama Nairobi, Mombasa na Kisumu. Katika miji iliyokuwa na mabaraza ya manispaa zamani, na Kisii ni mmojawapo, aliwekewa Sh. 14,866. Mahali pengine pote aliwekewa Sh. 8,596. Kenyenya ni katika hapo "mahali pengine pote." Basi mtu akipanda matatu Kisii mjini akashuka kwetu, kwa safari ile fupi thamani ya kazi yake mbele ya sheria imeshuka kwa Sh. 6,270.

Watumishi wa serikali nao wamepangwa vivyo hivyo. Katika mapatano ya walimu ya mwaka 2021 hadi 2025, mwalimu wa daraja la B5 alipewa posho ya nyumba ya Sh. 6,750 akiwa Nairobi, Sh. 4,500 akiwa Kisii mjini, na Sh. 3,200 akiwa katika shule ya mashambani kama zetu. Mimi mwenyewe nilikaa Nairobi miaka minne nikiwa karani, na nilipohamishiwa huku posho yangu ilikatwa. Jamaa zangu walikuja kunipa pole kana kwamba nimefiwa. Niliipokea pole yao kwa adabu, ila moyoni nilijua kwamba mwezi ule ule nilikuwa nimeacha kumlipa mwenye nyumba wa Nairobi fedha nyingi kuliko posho yote niliyonyang'anywa.

Turudi kwenye karatasi ya kijana. Sheria yataka mwajiri, zaidi ya mshahara, ampe mfanyakazi mahali pa kulala au fedha za nyumba, na fedha hizo huhesabiwa asilimia 15 ya mshahara. Kwa hiyo wa Nairobi alikuwa apate Sh. 18,530, na wa Kenyenya Sh. 9,885. (Mwenye duka wetu huyu ni mmoja wa wachache wanaolifuata agizo hilo kwa ukamilifu. Wako wengi ambao kibarua wao hajapata kuiona Sh. 8,596 kwa macho, na hilo ni jambo la kuandikiwa habari ya peke yake.) Halafu yaja makato: mfuko wa uzeeni asilimia 6, bima ya afya ya jamii asilimia 2.75, na ushuru wa nyumba asilimia 1.5. Bima ya afya ina jambo moja ambalo mtu wa mshahara mdogo hana budi kulitazama: mchango wake hauwezi kupungua chini ya Sh. 300. Asilimia 2.75 ya mshahara wa Kenyenya haifiki Sh. 300, lakini atalipa Sh. 300 hata hivyo. Baada ya makato yote Nairobi ilibakiza yapata Sh. 16,630, na Kenyenya Sh. 8,844. Kijana alizitazama tarakimu hizo mbili, akatabasamu kama mtu aliyekwisha kushinda kesi.

Ndipo tukaanza kuandika matumizi, na tulianza na nyumba.

Rafiki yake mmoja alikuwa amepanga chumba Pipeline, katika yale maghorofa ya Embakasi yaliyosongamana hata jua haliingii ndani. Chumba kimoja, choo cha pamoja ukumbini, Sh. 5,000 kwa mwezi. Juu ya hiyo kuna stima, kuna maji ambayo bomba likikauka hununuliwa kwa mtungi wa lita 20, na kuna fedha ya mzoa taka, tukaandika Sh. 700. Kuna gesi au makaa ya kupikia, Sh. 1,000. Hata kabla kijana hajatia tonge kinywani, Sh. 6,700 zilikuwa zimekwenda.

Watu wa mashambani hawapendi kuamini jambo hili. Wao hudhani kwamba mjini kinachomla mtu ni chakula na starehe. Chakula ni ghali, ndiyo, lakini mtu akibanwa anaweza kula mara moja badala ya mara mbili, au akaiacha nyama. Nyumba haina nusu. Mwenye nyumba hapokei kodi ya siku ishirini kwa kuwa mwezi umekuwa mgumu. Tarehe 5 ikipita atalitia kufuli lake juu ya lako. Katika kapu la bei ambalo serikali hulitumia kupima kupanda kwa gharama za maisha, lililoanzia Februari 2019, nyumba pamoja na maji, umeme na moto vimepewa uzito wa asilimia 14.6, na chakula karibu asilimia 33. Kapu hilo ni la nchi nzima, limemchanganya tajiri na maskini, mwenye kwake na mpangaji. Katika karatasi ya kijana huyu nyumba, maji na moto zilichukua karibu asilimia 45 ya matumizi yote. Kwa hiyo msomaji akisikia katika redio kwamba gharama za maisha zimepanda kwa asilimia fulani, asidhani kwamba zimempandia yeye kwa kiasi hicho hicho.

Kwa chakula cha Nairobi tuliweka Sh. 200 kwa siku, yaani Sh. 6,000 kwa mwezi: chai na mandazi asubuhi, chakula cha mchana kwa mama wa kibandani karibu na ghala, na jioni ugali na sukuma wiki alivyopika mwenyewe. Hiyo ni posho ya mtu mwangalifu asiyefuga tumbo. Kuhusu nauli, tulikubaliana kwamba asubuhi atakwenda kwa miguu. Yeyote aliyepita barabara za upande ule alfajiri ameuona msafara huo wa maelfu ya watu wanaotembea kimya kutoka Pipeline na Mukuru kwenda viwandani, wamevaa makoti, kila mmoja akiokoa nauli. Jioni akiwa amechoka atapanda matatu kwa Sh. 50. Kwa siku 26 za kazi ni Sh. 1,300. Simu, sabuni na kinyozi, Sh. 800.

Jumla ikawa Sh. 14,800. Kilichobaki ni Sh. 1,830.

Alinyamaza kidogo, akaniambia, "Basi, Mjomba, tuandike na ya huku."

Huku kodi ya nyumba ilikuwa sifuri, kwa maana analala katika nyumba yake mwenyewe ya udongo na mabati katika boma la baba yake. Nauli sifuri, kwa kuwa kutoka kwao hadi dukani ni mwendo wa dakika ishirini. Maji hutoka kisimani. Kuni ni za mama yake. Chakula cha nyumbani huchangia Sh. 3,000 kwa mwezi kununua sukari, mafuta, unga miezi ya upungufu, na nyama siku ya Jumapili. Chakula cha mchana sokoni Sh. 60, kwa siku 26 ni Sh. 1,560. Simu na sabuni Sh. 600. Kisha kuna mzigo ambao watu wa mjini huusahau wanapotuonea wivu, nao ni michango: mazishi, kanisa, karo ya mtoto wa jirani, gari la kumpeleka mgonjwa hospitali. Mjini mtu anaweza kuizima simu. Huku mwenye daftari la mchango anakuja mpaka mlangoni, tena ni mzee unayemheshimu. Tukaweka Sh. 1,000, na najua tuliweka kidogo.

Jumla Sh. 6,160. Kilichobaki ni Sh. 2,684.

Mtu anayelipwa nusu alikuwa amebakiza zaidi ya mwenzake kwa Sh. 854. Kijana alirudia kujumlisha mara mbili akidhani nimekosea, kwa sababu makarani husifiwa kwa hesabu lakini huaminiwa kidogo.

Laiti habari ingekwisha hapo ningeandika kwamba vijana wakae nyumbani, na wazee wengi wangefurahi. Lakini haikuisha, na sababu zake ni mbili au tatu.

Ya kwanza ni bei za dukani. Wengi hudhani kwamba kila kitu ni rahisi mashambani. Ni rahisi kile kinacholimwa hapa: ndizi, mboga, parachichi, maziwa ya jirani. Mkungu wa ndizi ukitoka hapa unapita mkononi mwa dalali, ukapanda lori, ukashushwa Nairobi, ukauzwa tena mpaka ukafika kwa mama anayepanga ndizi mojamoja kando ya njia. Na kila mkono uliougusa umeongeza chake. Mnunuzi wa Nairobi huilipia safari hiyo. Sisi nasi huilipia safari ya kurudi. Simiti yetu, sabuni, chumvi, misumari, mafuta ya kupikia, dawa za ng'ombe, vyote hupanda lori kuja huku, tena hutoka Nairobi, Mombasa au Kisumu kwanza. Mafuta ya gari ni mfano ulio wazi, kwa kuwa bei yake haipangwi na mwenye duka. Mamlaka ya nishati hutangaza tarehe 14 ya kila mwezi bei ya juu kabisa ya mafuta kwa kila mji, na utaona kwamba Mombasa, penye bandari, huwa chini ya Nairobi, na Mandera, iliyo mbali kabisa, huwa juu mno. Bomba la mafuta limefika Kisumu, halikufika Kisii. Kutoka hapo ni lori. Mafuta yakipanda hupanda pamoja na bodaboda, na bodaboda ikipanda, kila kitu kilichopanda bodaboda nacho hupanda.

Tena mtu wa mshahara mdogo hununua kidogo kidogo. Mafuta ya kupikia ya kupimiwa kwa kikombe, sukari robo kilo, majani ya chai ya shilingi kumi, sabuni kipande. Ukivijumlisha vipande hivyo utaona amelipa zaidi ya aliyenunua kilo nzima kwa mara moja. Jambo hili liko Pipeline, na liko Kenyenya vile vile, ila Nairobi kuna maduka makubwa yanayoshindana kwa kupunguza bei, na huku duka likiwa moja tu njiani kwenu bei ni ile aliyoiamua mwenyewe.

Sababu ya pili ni karo. Karo haiulizi mzazi anakaa wapi. Kwa mwongozo wa wizara wa mwaka 2024 karo ya shule ya bweni ya kitaifa ilikuwa Sh. 53,554 kwa mwaka, na ya shule nyingine nyingi za bweni Sh. 40,535. Kwa mtu wa Sh. 8,844 hizo Sh. 40,535 ni mshahara wa miezi minne na nusu bila kula. Kwa mtu wa Sh. 16,630 hata miezi miwili na nusu haitimii. Hospitali, simu, vitabu na sare ni mamoja. Mshahara wa Kenyenya una nguvu ukinunua ndizi, lakini ukienda kununua kitu ambacho bei yake ni moja nchi nzima huonekana mdogo kama ulivyo.

Sababu ya tatu ndiyo iliyoninyima usingizi baada ya kijana kuondoka, nayo ni shamba.

Nilichukua karatasi nyingine nikaandika habari za mtu mwingine. Mchukulie kibarua wa duka lile lile, aliyetoka mbali, ambaye hana boma hapa. Chumba sokoni Sh. 2,000. Chakula Sh. 150 kwa siku, Sh. 4,500. Makaa Sh. 800. Simu na sabuni Sh. 600. Michango, maana hata mgeni huchanga, Sh. 1,000. Jumla Sh. 8,900. Mshahara wake ni Sh. 8,844. Amepungukiwa Sh. 56 kabla hajaugua wala kununua viatu, na hana mke wala mtoto katika hesabu hii.

Hapo ndipo utakapoona kwamba Sh. 8,596 si mshahara wa kumtosha mtu. Ni nyongeza juu ya shamba. Aliyeupanga alidhani kwamba kila mtu wa "mahali pengine pote" ana ekari zake nyuma ya nyumba, ana mahindi ghalani na ng'ombe zizini, na fedha za mwajiri ni za chumvi na kodi tu. Dhana hiyo ina umri mrefu. Mwaka 1954, chini ya serikali ya kikoloni, kamati iliyoongozwa na Kamishna wa Kazi, Bwana F. W. Carpenter, ilichunguza mishahara ya Waafrika nchini Kenya. Iliona kwamba karibu nusu ya wafanyakazi wa mijini walioajiriwa na makampuni, na kiasi cha robo ya wale wa utumishi wa umma, walilipwa fedha zisizotosha mahitaji ya lazima ya afya, ya heshima na ya nguvu za kufanya kazi. Kosa kubwa ililolitaja ni kwamba mshahara ulipimwa kwa mahitaji ya mseja: kitanda kimoja, sufuria moja. Mke na watoto walihesabiwa kuwa wako rizavu wanalishwa na jembe. Kamati ilipendekeza mshahara wa mwenye jamaa uwe mara mbili na nusu ya ule wa mseja, uufikie hatua kwa hatua. Miaka saba kabla ya hapo, Januari 1947, wafanyakazi wa Mombasa, wa bandarini, wa reli na wengine wengi, walikuwa wamekwisha kuacha kazi kwa siku kumi na mbili, na kati ya malalamiko yao makubwa yalikuwa gharama za chakula na nyumba.

Wakati ule pengine shamba liliweza kubeba mzigo huo. Sasa tutazame shamba la shemeji yangu, baba wa kijana. Ni robo tatu ya ekari. Lina majani chai kiasi, mstari wa migomba, kipande cha mboga, na mahindi mahali palipobaki. Mahindi yanayovunwa Julai na Agosti hayafiki Krismasi. Tangu Januari jamaa hii hununua mahindi sokoni kwa gorogoro, na mengi yake hutoka Trans Mara, upande wa Kilgoris, ambako mashamba bado ni mapana. Shemeji ana wana wanne. Kila mmoja akipewa sehemu yake atajenga nyumba, atachimba choo, na itakayosalia itatosha kuanikia nguo. Nyumba hii si ya ajabu hapa kwetu. Hesabu ya watu ya mwaka 2019 iliwakuta watu 1,266,860 katika Kaunti ya Kisii, zaidi ya watu 900 kwa kila kilomita moja ya mraba, na kaunti hii haina jiji. Katika mwaka 2022, unga wa kilo mbili ulipopita Sh. 200 na serikali ikalazimika mwezi Julai kuushusha kwa muda hadi Sh. 100, watu wa Kenyenya walipiga foleni ya kuuliza unga dukani kama watu wa Mathare. Mkulima anayenunua unga ni mtu wa mjini asiyelipwa mshahara wa mjini.

Miji mingine niitaje kwa ufupi, maana kijana aliiuliza. Kisumu kwa hesabu ya karatasi ndiyo iliyo njema kuliko zote: kima cha mshahara ni kile kile cha Nairobi, kodi ya nyumba ni ndogo, omena na samaki ni karibu, na kutoka kwetu mtu anaweza kwenda na kurudi siku moja akifiwa. Kasoro yake ni moja, kwamba kazi si nyingi. Kisii mjini chakula ni kingi na Daraja Mbili huuzwa kila kinacholimwa katika milima yetu, lakini vyumba vimepanda bei tangu Chuo Kikuu cha Kisii kilipopata hati yake mwaka 2013, kwa kuwa wanafunzi watatu wakichangia chumba kimoja humshinda kibarua mmoja.

Mombasa nimekwenda mara mbili tu, kwa hiyo nasema nilichokiona na nilichoambiwa na wenzangu wanaokaa huko. Joto lenyewe ni akiba. Mtu hahitaji blanketi wala koti. Asubuhi mahamri na mbaazi humshibisha mtu kwa fedha kidogo. Kivuko cha Likoni hakimtozi mtu aendaye kwa miguu, na kwa hiyo watu wengi hupanga ng'ambo wakafanya kazi kisiwani. Walakini maji hununuliwa kwenye mikokoteni, na viazi na kabichi huko Kongowea vimesafiri kutoka bara. Kwa mtu wa Gusii ghali kuliko vyote ni umbali. Ni mwendo wa kilomita zipatazo 800. Msiba mmoja wa nyumbani, kwenda na kurudi na siku za kazi alizokosa, humaliza akiba ya miezi. Nina jirani yangu aliyefanya kazi Mombasa miaka kumi na moja, na mambo mawili anayoyakumbuka kwa uchungu ni mazishi mawili aliyoyakosa.

Nilimwambia kijana haya yote, ila sikumwambia aende wala akae. Nilimwuliza tu kama anakusudia kuoa. Akasema ndiyo, baada ya miaka miwili. Nikamwuliza mke atakaa wapi. Akafikiri, akasema atakaa huku na mama mpaka mambo yatengenee. Nilipoyasikia hayo niliikumbuka ile ripoti ya mwaka 1954, maana sufuria ile moja ya mseja na jembe lile la mke rizavu vilikuwa vimerudi mezani kwangu, tena kwa hiari.

Alikwenda Nairobi mwezi wa Februari. Siwezi kumlaumu. Katika duka la Kenyenya alijua kwamba atabeba simiti mpaka mgongo uishe. Katika ghala la Nairobi aliambiwa kwamba mtu anayejua kusoma na kuandika vizuri anaweza kuwa mwandishi wa stoo, na neno hilo "anaweza" halikuwa na safu katika karatasi yetu. Mwezi wa kwanza alimtumia mama yake Sh. 1,000 kwa simu, na mama alifurahi akanionyesha ujumbe. Mwezi wa pili alituma Sh. 500.

Mwezi wa tatu ujumbe ulikwenda upande mwingine. Aliomba atumiwe mahindi, na kama zipo, ndizi za kupika. Dada yangu alimnunulia debe mbili za mahindi pale sokoni, yale ya Trans Mara, maana yake mwenyewe yalikuwa yamekwisha, akakata mkungu mmoja nyuma ya nyumba. Mimi nilichukua gunia hilo kwa bodaboda hadi kituo cha magari, nikalipa nauli ya mzigo mpaka Nairobi. Karani wa basi aliandika jina la mpokeaji juu ya gunia kwa kalamu nene, akanipa stakabadhi. Ninayo bado, nimeibana katika daftari pamoja na ile karatasi ya hesabu, katika safu ambayo usiku ule hatukuwa tumeifikiria.